Shangazi wa Kaunta: Maswali Yenu Kuhusu Kuponi za Kuchapa

Mwezi uliopita niligusia kuponi kwa mistari miwili tu, na barua zimemiminika hadi nikalazimika kusogeza mada nyingine zote pembeni. Wengi mlioandika mnaishi Marekani, mnalisha familia, na kila wiki mnamwona mwenzenu kwenye foleni akitoa vikaratasi na bili yake ikishuka mbele ya macho yenu. Nilisimama nyuma ya kaunta ya supamaketi kwa miaka tisa kule Ohio. Vikaratasi hivyo vimepita mikononi mwangu kwa maelfu, vizuri na vibovu. Leo safu yote ni ya kuponi.

Shikamoo Shangazi. Nimetafuta kuponi za chakula mtandaoni hadi macho yakauma. Tovuti moja inataka namba ya kadi yangu ya benki, nyingine inataka niweke programu kwenye kompyuta. Za kweli zinapatikana wapi? – Mama wa watoto watatu, Minnesota

Marahaba, mwanangu. Kwanza ifunge hiyo tovuti inayotaka kadi, na usirudi tena. Kuponi ya kampuni haiuzwi. Ukisoma maandishi yake madogo utakuta mara nyingi imeandikwa kwamba ikiuzwa au ikihamishwa kwa mtu mwingine inabatilika. Anayekutoza pesa ili akupe kuponi anakuuzia kitu ambacho kampuni yenyewe imekwisha kukikana.

Sasa twende jikoni kwako. Fungua kabati, shika kitu ambacho nyumbani kwako hakikosekani, tuseme mtindi au sabuni ya vyombo, usome jina la kampuni nyuma ya pakiti. Ingia kwenye tovuti ya kampuni hiyo, utafute sehemu ya ofa au kuponi. Kampuni kubwa kama Procter & Gamble, wenye Tide na Pampers, zimekuwa zikitoa mapunguzo kwa njia hii kwa miaka mingi. Baada ya hapo nenda kwenye tovuti ya supamaketi unayonunua kila siku, kwa sababu duka nalo huwa na kuponi zake. Tovuti za kukusanya kuponi za kampuni nyingi mahali pamoja ziweke za tatu. Coupons.com ilianzishwa mwaka 1998, nayo ndiyo iliyowazoesha Wamarekani wengi kuchapa kuponi nyumbani. Pitia mwanzoni mwa mwezi, maana ndipo mzigo mpya huingia, na zile nzuri huisha mapema, kwani kampuni huweka kikomo cha idadi.

Iko na njia ya nne ambayo watu huidharau: andika barua pepe kwa kampuni. Mweleze ukweli kuhusu bidhaa yake, umeipenda au imekukera, na umuulize kama ana kuponi. Niliwahi kuandika kuhusu mfuniko wa chupa uliokuwa ukivuja, nikaletewa kuponi mbili kwa posta. Sikuwa nimeomba hata moja.

Hilo la programu usiliogope sana, ila lielewe. Mtoaji wa kuponi anataka kuhesabu umechapa nakala ngapi, na kwa kawaida kila kifaa huruhusiwa mbili za kuponi moja. Zamani ilikuwa lazima uweke programu ndogo ya kufanya hesabu hiyo. Nyingine bado huitaka. Ikiwa inatoka kwenye tovuti ya kampuni unayoifahamu, sawa. Ikiwa umeipata kupitia tangazo lililochomoza ghafla kwenye skrini, iache.

Na hapa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza kuponi zao: ukibonyeza kuchapa, hesabu imeshaanza. Karatasi ikikwama, wino ukiisha, nakala imeshahesabiwa na imekwenda. Kwa hiyo chapa kwanza ukurasa wa majaribio. Chagua kuponi tatu tatu, kwani mara nyingi ukurasa mmoja hubeba tatu, na ukichagua moja unatupa theluthi mbili za karatasi. Kama huna printa, maktaba ya umma inayo na hutoza kidogo kwa ukurasa, ila fahamu kwamba kompyuta ya pale hutumiwa na watu wengi. Huenda mtu wa asubuhi amekwisha kumaliza zile nakala mbili.

Mwisho, mwanangu, zile picha za kuponi zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Kuponi halali ya kuchapa haijionyeshi nzima kwenye skrini kama picha; hutoka moja kwa moja kwenye printa. Ukiiona nzima kwenye simu, inakupa kitu bure bila kununua chochote, na haina tarehe ya mwisho, hiyo ni ya kughushi. Usiitume mbele hata kama aliyekutumia ni dada yako wa damu.

Shangazi, keshia alinirudishia kuponi mbele ya watu. Ilikuwa ya dola 1 ukinunua sereali boksi mbili za aunsi 12 au zaidi. Nilichukua mbili za aunsi 10.8, ladha ileile iliyo kwenye picha. Nikaona aibu nikaacha kila kitu nikatoka. – Baba, Texas

Pole sana, kaka. Watu wanne kwenye foleni nyuma yako huhisi kama arobaini, najua. Nimewaona wanaume wazima wakitoka kama ulivyotoka, wakaacha maziwa ya watoto juu ya mkanda, na mpaka leo nikiwakumbuka naumia. Ndiyo maana swali lako nalijibu kwa urefu kuliko mengine yote.

Chukua ile kuponi, kama bado unayo, uiweke mezani. Juu kabisa kuna maneno mawili, "Manufacturer Coupon", yaani kuponi ya kiwanda, na pembeni yake tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ni halali mpaka siku yenyewe iishe. Zile za kuchapa mara nyingi hupewa siku thelathini hivi tangu siku ulipochapa, kwa hiyo usichape za kuweka akiba ya mwaka. Katikati kuna picha na kiasi cha punguzo. Picha ilikuvuta ukaifuata, na hapo ndipo ulipopotea. Mara nyingi kampuni huweka picha ya bidhaa inayotaka kuinadi, lakini kinachotawala ni maneno. Maneno yalisema aunsi 12 au zaidi. Boksi lako la aunsi 10.8 linafanana na lile kwa rangi, kwa jina na kwa ladha, ila halimo.

Teremka chini kwenye yale maandishi yanayochosha macho. Humo utakuta duka linaahidiwa kurudishiwa thamani ya kuponi pamoja na senti 8 za kazi ya kuishughulikia. Sentensi hiyo ukiielewa utamwelewa keshia. Wewe ukitoa kuponi ya dola 1, duka ndilo linalokupa hiyo dola leo. Baadaye duka linakusanya kuponi zote, linazituma kuhesabiwa, na kampuni inalipa. Ikigundulika mteja alinunua kitu kisichostahili, kampuni inaweza kukataa, na dola hiyo ni hasara ya duka. Yule keshia alikuwa analinda droo yake. Nilishawahi kuitwa ofisini kwa kuponi tatu za aina hiyo katika zamu moja.

Upande wa kulia kuna ile mistari myeusi na viboksi vidogo. Humo mmefichwa namba ya kampuni, kiasi cha punguzo, idadi unayotakiwa kununua na tarehe. Mashine inalinganisha hayo na vilivyomo kwenye bili yako. Kwa hiyo usiikunje kuponi kupitia hapo, usiikate mkasi ukagusa mistari, na unapochapa usikubali printa iipunguze ukubwa ili karatasi itoshe. Acha ukubwa kamili. Wino mweusi unatosha kabisa.

Nikuambie pia jambo ambalo wateja hawaambiwi. Wakati mwingine mashine hukubali kuponi kwenye bidhaa isiyo yake, kwa sababu msimbo hutambua ukoo mzima wa bidhaa za kampuni, haujui ladha wala uzito. Mlio wa kukubaliwa hauhalalishi. Na kinyume chake hutokea: umenunua kitu sahihi kabisa na mashine ikalia vibaya. Hapo usitoke, kaka. Sema kwa utulivu, "Naomba tusome pamoja." Kama keshia ameshikwa na kigugumizi, omba meneja wa zamu. Kila supamaketi kubwa ina kanuni zake za kuponi kwenye tovuti yake. Zichape, zikunje, ziweke kwenye bahasha moja na kuponi zako. Mteja akinionyesha karatasi ya duka letu wenyewe, mimi nilikuwa napumua, kwa sababu alinipunguzia kazi ya kuamua.

Rudi dukani kwako. Hakuna anayekukumbuka isipokuwa wewe.

Je, nikizidisha kuponi kwa fotokopi kuna ubaya? Kampuni ni tajiri. – Mwanafunzi, Georgia

Kuna ubaya mkubwa, na usifanye. Kuponi za kuchapa nyingi hubeba namba yake kila moja, kama noti. Nakala kumi zenye namba ileile zikifika kwa wahesabuji, moja hulipwa na tisa hurudi kwa duka, na duka linajua zilipitia kaunta gani saa ngapi. Mwaka 2021 mwanamke mmoja wa Virginia Beach alihukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa kutengeneza na kusambaza kuponi bandia zilizosababisha hasara ya zaidi ya dola milioni 31. Wewe hujafika huko, najua. Lakini wewe ni mwanafunzi, labda kwa viza, na kesi ya udanganyifu kwa ajili ya pakiti za tambi haistahili hata kufikiriwa. Ukihitaji nakala zaidi, chapa kwenye kifaa kingine hapo nyumbani, kwa kuwa kikomo huhesabiwa kwa kifaa. Hiyo ni halali.

Shangazi mpendwa, rafiki yangu anasema anatumia kuponi mbili kwa kitu kimoja. Mimi kuponi yangu imeandikwa "one per purchase", yaani moja kwa kila ununuzi. Nani mkweli? – Dada wa Kentucky

Nyote wawili, mpenzi, ila maneno yamewachanganya.

Neno "purchase" kwenye kuponi maana yake ni kila bidhaa unayonunua. Ukiwa na chupa nne na kuponi nne, umetumia kuponi moja kwa kila chupa, hujavunja kitu. Neno la kuogopa ni "transaction", maana hilo ni bili nzima: likikaa pale, ni kuponi moja tu kwa safari yako ya kaunta. Nyingi pia huongeza kwamba zisizidi nne zinazofanana katika safari moja ya dukani. Hesabu kabla hujapakia kikapu.

Sasa rafiki yako. Nilisema kuna kuponi ya kiwanda na kuponi ya duka. Hizo zinalipwa na watu wawili tofauti, kwa hiyo maduka mengi hukubali zikutane kwenye bidhaa moja. Zinazokataliwa kukutana ni mbili za kiwanda. Tuseme kahawa ni dola 4.50, wiki hii iko kwenye ofa kwa dola 3. Unatoa kuponi ya kiwanda ya senti 75 na ya duka ya senti 50. Unalipa dola 1.75. Ofa, kiwanda na duka vikikutana siku moja, ndipo kuponi inapokuwa na nguvu. Kuponi ya senti 75 ukiitumia peke yake siku ambayo kahawa ni 4.50, umeiharakisha. Angalia tarehe yake, ingoje ofa.

Angalizo moja: zile kuponi za kubofya kwenye programu ya simu ya supamaketi, nyingi ni za kiwanda ingawa unazipata kwa duka. Ukishaibofya, ile ya karatasi ya kiwanda kwa bidhaa hiyohiyo haitapita, na watu huja kugombana na keshia kwa ajili hiyo tu. Soma imeandikwa ya nani.

Utasikia pia habari za maduka yanayozidisha kuponi mara mbili, kwa kawaida zile ndogo, kwa mfano zisizozidi senti 50 au 99. Nusu ya pili hutoka mfukoni mwa duka, kwa hiyo ni hiari yake, na mengi yameacha. Piga simu uulize kabla ya kuendesha gari.

Nilinunua sabuni ya kufulia ya dola 12 kwa kuponi ya dola 3. Kodi ikatozwa kwenye 12, si 9. Nimeibiwa? – Mpangaji, California

Hujaibiwa. Kuponi yako ilikuwa ya kiwanda: duka limepokea dola 9 kutoka kwako na litapokea 3 kutoka kwa kampuni, jumla 12, na California inatoza kodi ya mauzo kwenye hiyo jumla. Ingekuwa ya duka lenyewe, ambayo hakuna anayemrudishia, kodi ingepigwa kwenye 9. Kila jimbo lina sheria yake, ila mengi yanafuata mkondo huo. Ukiwa na kadi ya SNAP, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula, chakula ulicholipia kwa kadi hiyo hakitozwi kodi ya mauzo.

Mdogo wangu, mimi ni mzee, natumia kadi ya EBT, ile ya SNAP, sina simu ya kisasa. Naogopa wakiona kadi na kuponi pamoja watasema nazidisha. – Mzee, Ohio

Shikamoo, kaka. Jimbo letu moja, na barua yako nimeisoma mara tatu.

Hakuna atakayesema, na akisema amekosea. Kanuni za SNAP zinalitaka duka kumhudumia mwenye kadi kama mteja mwingine yeyote, na kuponi zako zinapokelewa kwa masharti yaleyale. Kinachopungua kwenye bili kinabaki kwenye kadi yako mpaka wiki ya mwisho wa mwezi, ile wiki ambayo sote tunaijua. Wapo wateja wangu waliokuwa wakificha kadi chini ya pochi. Nilikuwa natamani kuwaambia wasijifiche. Toa vyote viwili juu ya kaunta.

Kuhusu simu, una haki ya kukasirika. Bei nyingine zimeandikwa rafuni kwa herufi kubwa na chini yake ndogo kwamba ni kwa mwenye simu tu. San Diego waliliona hilo, na mwaka 2025 baraza la jiji lilipitisha kanuni ya kuyataka maduka yampe mteja njia ya karatasi kwa punguzo la kidijitali. Kwako Ohio, nenda kwenye meza ya huduma kwa wateja, si kwa keshia, uwaombe wakuwekee bei ile. Mara nyingi huweka, ukiomba kabla hujalipa. Na maktaba yako wapo vijana ambao watakukalia kwenye kompyuta hadi kuponi itoke. Gazeti la Jumapili nalo lisikupite, maana bado kuna kuponi zinazokuja humo. Na bidhaa ya ofa ukikuta imeisha, uliza meza hiyohiyo kama wanaweza kukuandikia karatasi ya kukuhifadhia bei. Bidhaa ikirudi baada ya wiki mbili, unailipia kwa bei ya siku ile, na kuponi yako juu yake.

Shangazi, mume wangu anasema wino na karatasi vinakula faida yote. Nimwambie nini? – Mke wa mtu, Michigan

Mwambie anaweza kuwa na haki, halafu kaeni mpige hesabu pamoja, maana mimi sitaki kukutetea kwa uongo.

Leta risiti zenu za mwezi mmoja. Zungushia duara vitu ambavyo mngenunua hata kama kuponi isingekuwepo. Hivyo tu ndivyo vya kuhesabu. Niliwahi kuhudumia mama aliyekuja na kuponi kumi na moja za haradali. Watoto wake, aliniambia mwenyewe, hawali haradali. Alitoka na dola chache pungufu na mfuko mzito.

Kisha nendeni rafuni mkasome ile tiketi ndogo ya bei, kona yenye bei kwa aunsi. Sereali ya jina kubwa kwa dola 5.29, na kuponi ya dola 1 kwa boksi mbili, inakuwa dola 4.79 kila moja. Boksi lenye nembo ya duka, uzito uleule, likiwa dola 2.89, kuponi imeshindwa na iachwe rafuni. Kwa unga, sukari, maharage ya kopo na maziwa, nembo ya duka ilishinda karibu kila mara nilipolinganisha. Kuponi zilinilipa kwenye sabuni, nepi, dawa ya meno, kahawa na mtindi, yaani vitu ambavyo kampuni hugombania wateja. Mboga na nyama mbichi msizitafutie kuponi kwa shida. Zipo chache mno.

Wino wa rangi msitumie. Wekeni printa kwenye rasimu, nyeusi, lakini mjaribu ukurasa mmoja kwanza kuona kama mistari inasomeka. Mimi nilijipangia Jumatano jioni, dakika ishirini na tano, si zaidi: tangazo la ofa za duka upande mmoja, orodha ya chakula cha wiki upande mwingine, na ninachapa tu kile kinachoonekana pande zote mbili. Wiki nyingine inatoka karatasi moja. Wiki nyingine haitoki hata moja, na printa inalala.

Mmenitumia pia maswali saba kuhusu programu za simu zinazorudisha pesa ukipiga picha risiti. Nimeyaweka kwa toleo lijalo, na wewe wa Michigan, niandikie risiti zilisema nini.